Viota vya barazani na udhuru wa sisimizi

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa. Si kosa la kupelekana polisi, wala si la kusimamishwa mbele ya kadhi. Pengine ukilisoma utatabasamu na kusema mwalimu mstaafu huyu amekosa la kuandika. Lakini limenikaa moyoni tangu msimu wa mvua uliopita, na limenilazimisha kulitazama swali ambalo kwa miaka yote niliyoshika chaki sikuwahi kulitazama sawasawa: kiumbe ambaye hatumfugi, hatumli na wala hatuhitaji chochote kutoka kwake, je, ana haki yoyote juu yetu?

Kisa chenyewe ni hiki. Msikiti wetu hapa Mbinga mjini ni mdogo. Una baraza pana upande wa barabarani, na siku ya Ijumaa watu wakijaa ndani, wanaobaki hutandika mikeka barazani. Ramadhani ilipokuwa inakaribia, kamati ikakubaliana tupake rangi. Mchango ukapatikana, rangi ikanunuliwa, fundi akaitwa. Alipokuja kukagua kazi akatazama juu, akasema, "Wazee, hivi vidude itabidi viondoke kwanza."

Vidude vyenyewe vilikuwa viota viwili vya mbayuwayu, vimejengwa kwa vidonge vya tope kwenye kona za dari la baraza, kila kimoja kama kijungu kilicholazwa ubavu, na shingo yake ya kuingilia. Hakuna aliyepinga. Chini ya viota sakafu ilikuwa na madoa ya kinyesi, na kila Ijumaa kulikuwa na manung'uniko ya najisi. Mimi mwenyewe nikajitolea. Nikachukua lile fagio la mti mrefu tunaloondolea utando wa buibui, nikageuza upande wa mti, nikagonga mara mbili. Kiota cha kwanza kikaanguka.

Ndani yake mlikuwa na makinda watatu. Hawajaota manyoya, macho bado yamefumba. Wawili walikufa palepale kwenye saruji. Wa tatu alikuwa akiachama mdomo na kuufumba bila kutoa sauti. Nilisimama na fagio langu mkononi nisijue la kufanya. Tulipotoka kwenye swala ya Alasiri, sisimizi walikuwa wameshafika, wamejipanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka pale palipoangukia kiota. Na wale ndege wakubwa wawili walikuwa wanaingia barazani na chakula mdomoni, wanafika kwenye kona, wanakuta ukuta mtupu, wanatoka, wanazunguka barabara, wanarudi tena. Waliendelea hivyo mpaka Magharibi. Kiota cha pili sikukigusa. Nilimwambia fundi aanze kupaka ndani.

Usiku ule baada ya Isha kamati ikakaa. Nikasema kiota kilichobaki kiachwe mpaka makinda waruke. Wenzangu wakaniuliza kwa hoja gani. Nikababaika. Kusema kweli sikuwa na hoja, nilikuwa na huzuni tu, na huzuni ya mtu mmoja si dalili ya kisheria. Mwenyekiti akanihurumia, akasema, "Mwalimu, tunakupa wiki moja. Lete hoja, si machozi." Nami nikaona amesema haki.

Basi wiki ile niliianza kwa kukaa barazani na kutazama. Baada ya Alfajiri nilikuwa nakaa saa moja, na baada ya Alasiri tena. Nimeishi Mbinga zaidi ya nusu ya umri wangu, lakini nakuambia wazi, ndugu msomaji, sikuwa nimewahi kuuona mtaa wangu.

Niligundua kwanza kwamba mbayuwayu wetu si wa aina moja. Wale wa barazani wana kichwa chenye rangi ya kutu na kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Hawa ni wenyeji wa Afrika, hapa ndipo wanapozalia. Nilihesabu safari zao kabla ya Magharibi, zikapita 20 kwa saa moja, baba na mama wakipokezana. Lakini juu ya waya wa umeme ng'ambo ya barabara walikaa wengine, mgongo wa buluu iliyokolea, koo jekundu, mkia uliogawanyika kama mkasi. Hao hawajengi hapa hata siku moja. Ni wageni wa kutoka Ulaya. Baridi inapoingia kwao na wadudu kupotea, wanaondoka, wanavuka jangwa la Sahara, na kwenye miezi ya Oktoba na Novemba wanakuwa kwetu. Ifikapo Aprili hivi wameshaanza kurudi. Mbayuwayu huyo uzito wake ni gramu 20 hivi, hafikii hata nusu ya yai la kuku wa kienyeji.

Jioni moja baada ya mvua kubwa kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi. Taa ya msikiti ikawa haionekani kwa mabawa. Watoto wa mtaani wakaja mbio na mabeseni ya maji, wengine kwa ajili ya kukaanga, wengine kwa ajili ya kulishia kuku. (Fiqhi ya kula kumbikumbi si mada yangu leo.) Kabla jua halijazama kabisa nikaona kundi la kozi wadogo, makumi kwa makumi, wakizunguka juu ya mji na kuwadaka kumbikumbi kwa makucha huko huko hewani. Wataalamu huwaita kozi wa Amur. Wanazalia mashariki ya Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Wanapitia India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi kwa kuruka bila kutua, kwenda kusini mwa Afrika. Pepo zinazowasukuma ni zile zile za kaskazi zilizokuwa zikileta majahazi kwenye pwani yetu. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Visiwa vya Maldives alieleza kwamba hata kerengende huvuka bahari hiyo kutoka India kuja Afrika Mashariki kwa pepo hizo hizo. Kerengende! Yule tuliyekuwa tunamfunga uzi mkiani tukiwa watoto.

Katikati ya wiki hiyo nikapata habari ya msiba, nikashuka Mbamba Bay. Siku hizi kutoka Mbinga ni kilomita 66 za lami. Unaacha ubaridi wa milima ya Umatengo na ngoro zake, unateremka kwenye joto la ziwa. Mimi nimezaliwa huko ufukweni. Asubuhi ya pili baada ya maziko, tukiwa tumekaa nje na baba yangu mdogo, mvuvi wa zamani, nikaona juu ya maji moshi mweusi umesimama wima kama nguzo, halafu nguzo nyingine, halafu nyingine. Mgeni angedhani meli inaungua. Hao ni kungu, nzi wadogo wa ziwani. David Livingstone aliwaona katika safari zake kwenye ziwa hili, na katika kitabu chake cha mwaka 1865 akawafananisha na moshi wa nyika inayoungua, akaeleza pia jinsi wenyeji wanavyowakusanya na kuwapika mikate.

Maisha ya mdudu huyu ni ya ajabu. Ziwa Nyasa lina kina cha kufikia mita 700, na ukipita mita 250 hivi kwenda chini maji hayana hewa ya oksijeni, samaki hawezi kuishi humo. Kiluwiluwi cha kungu hushuka mchana kujificha kwenye giza hilo ambako samaki hawezi kumfuata, na usiku hupanda juu kula. Wengi wao huliwa na usipa, dagaa wetu wa Nyasa. Wanaosalimika hutoka majini wakiwa na mabawa, wakaruka kwa makundi, wakapandana, wakataga, wakafa. Hawaumi. Kwenye Ziwa Victoria, ambako nako wapo jamaa zao, watafiti walishaona zamani kwamba kutoka kwao huenda na mwezi mwandamo. Sisi tunatoka nje na kubishana kama mwezi umeonekana au haukuonekana, kumbe mdudu chini ya maji ana hesabu yake.

Upepo ukageuka, wingu moja likatujia. Baba mdogo akafunga mdomo, akafumba macho, akajifunika shuka kichwani, akatulia. Mimi nikaanza kupunga mikono. Lilipopita akaniangalia akacheka, akasema, "Mwanangu, umekaa sana mjini. Hawa hawaji kwetu. Wanakwenda zao. Sisi ndio tumejenga njiani."

Nilirudi Mbinga na maneno hayo, lakini mbele ya kamati niliona aibu kuanza nayo. Nikaamua kuanza na hoja ambayo kila mtu wa Mbinga ataielewa, yaani kahawa. Hapa kwetu kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Kila mkulima anamjua ruhuka, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni, na wataalamu wa utafiti wa kahawa wana kituo chao hapa hapa Ugano. Nikawaeleza wajumbe kwamba huko Kilimanjaro watafiti walifunika mibuni kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, wakalinganisha na ile iliyoachwa wazi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba mibuni iliyozuiwa ndege na popo ilibakiza matunda machache zaidi, na ile iliyotembelewa na nyuki na wenzake ilitoa matunda mazito zaidi. Nikaongeza habari ya China. Mwaka 1958 serikali ya huko iliwatangaza shomoro kuwa maadui wa taifa pamoja na nzi, mbu na panya, kwa sababu wanakula nafaka. Watu wakapiga masufuria mchana kutwa ili ndege wasipate pa kutua, wakaanguka kwa uchovu. Shomoro walipokwisha, wadudu waliokuwa wakiliwa na shomoro wakavamia mashamba, wakachangia njaa kubwa iliyoua mamilioni. Mwaka 1960 wakamwondoa shomoro kwenye orodha, wakamweka kunguni.

Nikakaa chini nikijiona nimeshinda. Mweka hazina wetu, mfanyabiashara, mtu wa maneno machache, akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo tunawaacha kwa sababu wanakula mbu na wadudu wa kahawa?" Nikasema ndiyo. "Na tukipata dawa nzuri ya mbu na ya ruhuka, mwakani tutabomoa?"

Nikakosa jibu. Na tangu siku ile nimekuwa nikiwasikia watu, hata wataalamu wanaotoa semina za mazingira, wakitumia hoja ile ile yangu, nami najua udhaifu wake. Hoja ya faida ni kama mkataba wa kibarua. Leo kuna kazi, njoo. Kesho kazi imekwisha, toka. Mwenye kumwachia ndege kiota chake kwa sababu anakula mbu, hakumpa ndege haki yoyote. Amelinda masilahi yake tu, na siku masilahi yakihama, fagio litarudi juu. Na wale kungu wa ziwani? Ukiniuliza mimi wa mjini wananifaa nini, sina jibu la haraka. Je, kwa kuwa mimi sioni faida yao, damu yao ni halali?

Imamu wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, ndiye aliyetutoa hapo. Alimtaja mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki Cairo mwaka 1262. Katika kitabu chake cha kanuni za hukumu mwanachuoni huyo ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Mojawapo ni kwamba mwenye mnyama amhudumie hata kama amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Zaidi ya karne saba na nusu zilizopita, mwanachuoni amekwisha kuitenga haki na faida!

Mweka hazina akasema, "Lakini huyo anazungumzia mnyama wa kufugwa. Mbayuwayu si wangu." Imamu akakubali kwamba ni kweli, kisha akatukumbusha ile hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Masahaba wakiwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.) waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo. Mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume (s.a.w.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Na katika safari hiyo hiyo aliona kijiji cha sisimizi kimechomwa moto, akalikemea jambo hilo. Ndege yule hakuwa wa mtu. Sisimizi wale hawakuwa wa mtu. Hakuna aliyeulizwa kama wana faida. Lililotajwa ni uchungu wa mama, na hilo likatosha.

Palikuwa kimya kidogo. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Hapo kijana mmoja wa kamati, msomi wa chuo, akaleta pingamizi ambalo lazima lijibiwe kwa uaminifu. "Basi na mbu naye ana haki? Tusitundike chandarua? Na ruhuka tumwachie kahawa? Na mende?" Pingamizi hili si la mzaha. Malaria inaua watoto wetu kila mwaka. Anayesema viumbe vyote viachwe kabisa hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa.

Jibu ni kwamba dini yetu haikusema hivyo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imewataja viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, miongoni mwao nge, panya na kunguru. Sababu ni madhara yao. Kwa hiyo mlango wa kujikinga upo. Lakini upo pia mpaka wake. Hao hao Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake kwamba kwa sababu ya mmoja aliyemuuma ameangamiza umma unaomtukuza Mungu.

Kutokana na hayo mimi nimejiwekea maneno matatu, si fatwa, ni kipimo cha mwalimu tu. Kuna dhara, kuna haja, na kuna kero. Mbu wa malaria ni dhara, nitajikinga naye. Samaki wa chakula ni haja, nitamvua kwa kadiri ya haja. Lakini mavi ya ndege juu ya mkeka, kelele za nyenje mchana, nyuki waliotua kwenye mti wa jirani, wadudu wanaozunguka taa, hizo ni kero. Na kero haijawahi kuwa sababu ya kutoa roho. Tatizo letu watu wa mijini ni kwamba tumeyachanganya. Kila kinachotukera tunakiita dhara. Tunapulizia dawa nyumba nzima kwa sababu ya mdudu mmoja aliyemtisha mgeni. Tunakata mwembe kwa sababu majani yanachafua ua.

Chukua mfano wa kunguru wa Dar es Salaam, maana najua wasomaji wengi mko huko. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Waingereza walimleta Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka, naye akaenea pwani nzima. Anakula mayai na makinda wa ndege wengine, na dhara lake halina ubishi. Mara kadhaa zimefanyika kampeni za kumtega na kumwekea sumu. Sizipingi. Lakini hebu tujiulize: nani alimwita? Nani anamwandalia chakula kila siku kwa kumwaga taka nyuma ya soko? Tukimuua kunguru na jalala likabaki, tumemwadhibu aliyealikwa na kumsamehe mwenyeji wake.

Wapo walioweza kujirekebisha. Huko Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, wale kozi wa Amur niliowaona juu ya Mbinga hutua kwa maelfu mengi wakiwa njiani kuja kwetu. Mwaka 2012 ilifahamika duniani kwamba wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu na kuwauza kwa makumi ya maelfu. Watu wale ni maskini, na nyama ile ilikuwa riziki. Lakini viongozi wao wa vijiji na wa dini walikaa nao, wakazungumza, na mwaka uliofuata, 2013, nyavu hazikutegwa. Haja yao ilikuwa kubwa kuliko kero yetu sisi ya barazani, na bado waliacha.

Sasa nirudi kwa sisimizi, kwa sababu ndio walionifundisha jambo la mwisho. Katika Qur'an mna sura zilizopewa majina ya vijidudu: ipo ya Nyuki, ipo ya Buibui, ipo ya Sisimizi. Katika hiyo sura ya An-Naml tunasimuliwa jeshi la Nabii Suleiman (a.s.) likikaribia bonde la sisimizi. Sisimizi mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake, hali ya kuwa hao hawatambui. Nimeisoma aya hiyo tangu madrasa. Siku ile tu, baada ya kuwaona sisimizi wakiwabeba wale makinda, ndipo nilipoliona neno la mwisho. Sisimizi hakusema kwamba Suleiman ni dhalimu. Amemtolea udhuru! Amesema watatuponda bila kujua.

Na Suleiman alifanya nini? Alisikia. Akatabasamu, akamwomba Mola wake amjaalie kuwa mwenye kushukuru. Kuanzia pale ule udhuru ulikuwa umekwisha. Mtu aliyekwisha kumsikia sisimizi hawezi tena kumponda na kusema sikujua.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, ndugu msomaji, na ndiyo niliyoipeleka kwa kamati. Nilipogonga kiota cha kwanza nilikuwa na udhuru wa aina fulani, udhuru wa mtu asiyetazama. Kwangu kile kilikuwa kidude cha tope. Hata hivyo udhuru wenyewe ulikuwa mwembamba, maana ndege walikuwa wanaingia na kutoka mbele ya macho yangu kila siku, na kutojua kwangu kulikuwa ni uvivu wa shingo kuinuka. Lakini kiota cha pili nimekitazama wiki nzima. Nimewahesabu wazazi wakileta chakula. Nimesikia sauti za makinda. Nikikigonga sasa, nitasimama na udhuru gani?

Watu hudhani kutazama ndege na wadudu ni mchezo wa watalii, au wa wastaafu wasio na kazi. Mimi nimeona ni jambo zito kuliko hivyo. Kutazama kunakuondolea udhuru. Pengine ndiyo maana tunapenda kutotazama. Mji wote tumeujenga ili tusione: madirisha ya vioo, dari za gypsum, ua wa saruji usiobakiza hata udongo wa kumtosha mbayuwayu kujengea. Halafu tunasema hatukujua.

Kamati ilikubali, si wote kwa moyo mmoja. Suala la najisi Imamu alilieleza hivi: kinyesi cha ndege kwa madhehebu yetu ni najisi, lakini wanazuoni wametaja msamaha pale inapokuwa vigumu kujiepusha nacho, na sisi hatukuwa tumefikia ugumu huo, kwa sababu kujiepusha ilikuwa rahisi mno. Ubao mmoja. Kijana yule yule msomi aliupigilia ukutani mkono mmoja chini ya kiota, na mikeka ikasogezwa hatua mbili. Fundi alipaka baraza yote akaiacha kona ile. Aliporudi kuimalizia, makinda wakiwa wameshatoka, alidai shilingi elfu 20 za kurudi mara ya pili. Nililipa mimi. Sikuona kuwa ni sadaka, niliona ni deni.

Makinda wa kiota cha pili walitoka siku chache kabla ya Ramadhani. Nilimwona mmoja amekaa juu ya ukingo wa ubao, anaangalia barabara, hajui aende wapi. Nilikwenda kutawadha, niliporudi hakuwepo. Kiota tumekiacha, kwani mbayuwayu hawa wana kawaida ya kukirudia. Ile kona nyingine, niliyoigonga mimi, imepakwa rangi vizuri, haina doa hata moja. Kila nikiingia msikitini naiona.

Msikiti wenu nao huenda utapakwa rangi mwaka huu, au nyumba yako, au duka lako. Kabla fundi hajapandisha ngazi, inua shingo utazame kwenye kona za dari.

Wabillahi tawfiq.